Mara Ngapi kwa Wiki?

Nimechoshwa na mabishano ya ugonjwa wa Parkinson unaanzia wapi. Tangu Heiko Braak na wenzake waseme mwaka 2003 kwamba huenda mbegu yake hupandwa utumboni, kisha ikapanda ubongoni kupitia neva ya vagasi, tumegawanyika kambi mbili: ya tumbo na ya ubongo. Nadharia ni tamu, siikatai. Ila mzee aliyeketi kwenye benchi nje ya kliniki hajapata choo siku ya sita leo, na huko ndani hakuna atakayemuuliza.

Toleo hili limezaliwa na hasira hiyo.

James Parkinson mwenyewe, mwaka 1817, alitaja matumbo mazito pamoja na mikono inayotetemeka. Mwaka 2001 watafiti wa Honolulu wakaonyesha kwamba wanaume waliopata choo chini ya mara moja kwa siku walipatwa zaidi na ugonjwa huu miaka ya baadaye. Hata hivyo, kadi za kliniki nilizoziona zina nafasi ya mtetemo, ya ukakamavu na ya mwendo; ya choo haimo.

Ukimya huo una gharama. Levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, hufyonzwa mwanzoni mwa utumbo mwembamba, si kwenye mfuko wa chakula. Mfuko ukiwa mzito kujimwaga, kidonge cha saa moja asubuhi hukaa humo kikisubiri mlango, na saa nne mzee bado amekakamaa. Daktari anasema dozi haitoshi, anaongeza. Kichefuchefu kinakuja. Anaandika metoklopramidi, ambayo huingia ubongoni na kuziba vipokezi vilevile vya dopamini tunavyohangaika kuviamsha. Mtetemo unazidi, anaongeza benzeksoli kwa kuwa ni rahisi, nayo inaulaza utumbo uliokwisha kusinzia. Sasa mgonjwa ana dawa tatu, na choo bado hakijatajwa. Domperidoni, ambayo haivuki kirahisi kuingia ubongoni, ingefaa zaidi, mradi moyo upimwe kwanza. Na kwa choo chenyewe, maji, nyuzinyuzi na makrogoli vingeanza kazi mapema.

Walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walikuta wengi wa wagonjwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Najiuliza wangapi kati yao walikuwa wamekwisha kupita duka la dawa kuomba cha kulainisha choo.

Waandishi wetu wametawanyika. Mtaalamu wa lishe anatukumbusha kwamba protini hugombania mlango na levodopa: kidonge kimezwe nusu saa kabla ya kula, na maharage yahamie jioni badala ya mgonjwa kunyang'anywa. Makala ya kumeza na udenda ni fupi na nzuri. Ile ya upupu inasema kweli kwamba mbegu zake zina levodopa. Natumaini mwandishi anajua kwamba upupu wa porini hauandikwi miligramu. Kambi ya ubongo nayo imepewa kurasa kumi, nisije nikaambiwa nina upendeleo. Ninao.

Mficha uchi hazai, huwa tunawaambia wagonjwa wanaoona haya. Kwenye jambo hili wagonjwa wengi wangesema wakiulizwa. Anayeona haya ni mwenye koti jeupe.