Ghala Limejaa, Mtoto Hakui

Mtoto aliyezaliwa na afya njema huwa na uzito wa kilo 3 hivi. Afikapo miezi mitano hutarajiwa uzito huo uwe maradufu, na atimizapo mwaka mmoja uwe umezidi mara tatu. Kila mwezi muuguzi wa kliniki hutia nukta katika kadi na kuziunganisha kwa mstari. Mstari ukipanda, mama husifiwa. Ukilala au ukishuka, mama huonywa, pengine mbele ya wenzake. Desturi hii ya kumwonya mama peke yake haina msingi wa kisayansi.

Wengi hudhani kwamba mtoto haongezeki uzito kwa kuwa nyumbani hamna chakula. Ufukara wa namna hiyo upo, wala si wa kupuuzwa. Lakini na itazamwe mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, isifikayo kwa mahindi. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto waliodumaa, miongoni mwa wenye umri wa chini ya miaka mitano, walikuwa asilimia 30 kwa nchi nzima. Iringa walikaribia asilimia 57. Njombe na Rukwa walikuwa nusu hivi. Ni kweli kwamba udumavu hupimwa kwa kimo, si kwa uzito. Lakini mtoto asiyeongezeka uzito kwa muda mrefu hatimaye huacha kurefuka.

Sababu mojawapo imo katika bakuli la uji. Tumbo la mtoto hupokea kwa mlo mmoja mililita 30 hivi kwa kila kilo ya uzito wake. Basi mtoto wa kilo 10 hawezi kupita mililita 300. Uji mwepesi wa mahindi, wenye gramu 10 za unga katika kila mililita 100, hutoa kilokalori 36 tu kwa kipimo hicho, na bakuli zima halifikii 110. Mtoto aliyepita mwaka mmoja, hata akiwa bado ananyonya, huhitaji kilokalori 550 hivi kwa siku kutokana na vyakula vingine. Yaani mabakuli matano. Nani atakayeupika uji huo mara tano?

Hapo ndipo hali ya jamaa inapoingia. Mama aendaye shamba alfajiri, achotaye maji mbali na kutafuta kuni arudipo, huwasha moto asubuhi na jioni. Mchana mtoto huachwa na dada yake wa miaka minane, pamoja na kiporo. Jamaa yenye uwezo ina bomba uani, ina mtu wa kumwangalia mtoto, na huutia uji karanga, maziwa au mafuta. Mama hawa wawili huenda walisikiliza somo lile lile la lishe kwenye benchi moja. Tena, mahindi yauzwapo, si kila mama ajuaye fedha zimekwenda wapi.

Mpango wa lishe ulioanzishwa mkoani Iringa mwaka 1983, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ulilitambua jambo hili. Watoto walipimwa vijijini mwao, na matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji, akina baba wakiwamo. Kati ya 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka asilimia 56 hivi hadi 38 hivi. Kwamba mkoa uo huo ungali na udumavu mkubwa kwaonyesha tu kuwa kazi ile haikupaswa kukomea pale.

Walimu wa Baiolojia wanaweza kuanza darasani. Wanafunzi wapime unga na maji ya uji wa kwao, wahesabu mabakuli, kisha waulize ni nani aliye nyumbani na mtoto saa nne asubuhi.