"Mimi au Huyo Mbwa Wako!"

Kama mwenza wako yuko hapo karibu kwenye kochi, msomee kwa sauti, maana leo kuna kesi, na mshitakiwa ni mimi mwenyewe.

Nimepata barua ya dada mmoja wa Dar. Ana mchumba, harusi imekaribia, na huyo mchumba ana mbwa mkubwa ambaye hataki kabisa kutengana naye. Dada anaomba nimpe maneno makali ya kumwambia jamaa achague. Mdogo wangu, maneno hayo ninayo, tena nilishayatumia. Ngoja nikusimulie yalinifikisha wapi.

Niliolewa Agosti 2019, nikatoka Unguja kwenda kuishi Muscat. Mume wangu ni Mwomani, lakini wazazi wake walizaliwa Unguja, wakarudi Oman baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga nchi. Kwa hiyo nyumbani ni Kiswahili mwanzo mwisho. Wakati wa uchumba tuliongea kila kitu: kazi, watoto, mahari, hata nani atapika Ramadhani. Kuna siku alisema ana "binti" wa kulea uwani. Mimi nikacheka, nikadhani utani.

Binti mwenyewe anaitwa Sarab. Ni Kiarabu, sisi tunasema sarabi au mazigazi, yale maji ya uongo unayoyaona barabarani jua likiwaka. Nilimwona siku ya pili baada ya kufika. Mrefu, mwembamba, kiuno kama kimekatwa kwa kisu, mbavu unazihesabu kutoka mlangoni. Masikio yana manyoya marefu kama nywele zilizochanwa sasa hivi. Nikajiambia, jamani, huyu mbwa anashindishwa njaa? Wala! Alikuwa ameshiba. Ndivyo saluki alivyo.

Sasa mimi nimelelewa nyumba ambayo mbwa akipita njiani unakunja baibui lako. Nilivumilia wiki, nikavumilia mwezi. Mwezi wa tatu nikasema: "Mimi au huyo mbwa wako!"

Mume wangu hakupandisha sauti. Alisema tu, "Huyu sikumnunua." Kisha akatoka nje.

SALUKI NI NANI?

Baadaye ndipo nikaelewa maana ya jibu lile. Kwa desturi ya Mabedui, saluki hauzwi sokoni kama mbuzi, hutolewa zawadi kwa mtu unayemheshimu. Sarab aliletwa akiwa mdogo mwaka 2017, wiki ambayo baba mkwe wangu alifariki. Aliyemleta ni mzee mmoja wa Ibri, rafiki wa marehemu, waliyekuwa wakienda naye jangwani. Alikuja kwenye tanzia na mbwa mchanga mikononi. Kumrudisha mbwa yule ilikuwa sawa na kumrudishia mzee rambirambi yake.

Na saluki mwenyewe ana historia, si mchezo. Ni katika mbwa wa zamani sana wa Arabuni na Uajemi. Wapo mbwa wanaowinda kwa pua na wapo wanaowinda kwa macho. Saluki ni wa macho, kundi moja na greyhound wa Uingereza. Mabedui waliwinda naye swala na sungura, mara nyingi wakimshirikisha na kozi: ndege angani, mbwa chini. Anapita kilomita 60 kwa saa, lakini sifa yake kubwa ni pumzi. Greyhound anaweza kumwacha mbio fupi. Mbio ndefu, mchangani na kwenye mawe, ndio uwanja wa saluki.

Abu Nuwas, mshairi mkubwa wa Baghdad wa karne ya 8, alitunga mashairi ya kusifu mbwa wa kuwinda. Mwaka 1895 mwanamke wa Kiingereza, Florence Amherst, alipelekewa saluki wake wa kwanza, na mwaka 1923 chama cha mbwa cha Uingereza kikaitambua rasmi mbegu hii. Huko jirani zetu Abu Dhabi, kituo maalumu cha saluki kilianzishwa mwaka 2001. Siku hizi kwenye matamasha kama la Al Dhafra saluki hushindanishwa kwa kukimbiza chambo kinachovutwa, wala hakuna swala anayeuawa.

Wapo wa aina mbili. Kuna wenye manyoya marefu masikioni na mkiani, kama Sarab, na kuna wenye nywele fupi mwili mzima. Dume hufika sentimita 58 hadi 71 begani, jike huwa mdogo zaidi. Lakini uzito ni kidogo kwa urefu huo. Sarab ana kilo 19 tu!

HANA SHIDA NA WEWE

Kilichonikera zaidi kuliko yote ni tabia yake. Nilidhani mbwa ni kiumbe wa kutikisa mkia na kurukia watu. Huyu nikipita hata kichwa hainui. Ukimwita anakutazama, anafikiria, halafu anaangalia upande mwingine. Mgeni akija anajitenga pembeni kama bibi harusi. Habweki hovyo, kwa hiyo mwenye kutaka mlinzi wa nyumba atafute mbwa mwingine. Kwa kifupi ni paka aliyevaa mwili wa mbwa.

Mume wangu akaniambia: "Hakuchukii. Bado hajakuamua." Weee! Nikasema mimi niliyelipiwa mahari ndiye nisubiri kuamuliwa na mbwa?

Lakini ni kweli. Mbwa huyu kwa karne nyingi alizalishwa ili akiwa mbali na bwana wake, hakuna wa kumpigia kelele, ajiamulie mwenyewe. Ukimfokea hajifunzi, anaumia. Ukimpiga mara moja anakumbuka miaka. Anampenda mtu mmoja au wawili kwa dhati, wengine wote anawavumilia. Na akiona kitu kinakimbia, awe paka, sungura au hata mfuko wa plastiki unaopeperushwa na upepo, masikio yanaziba. Huwezi kumfokea mpaka yamtoke. Unachoweza ni kufunga geti.

USIKU WA GETI

Ilikuwa Novemba, siku chache baada ya lile sharti langu. Mume wangu alikuwa msikitini, sala ya isha. Nikatoka kutupa taka. Niliporudi nikaliegesha geti, komeo sikulitia. Nilisimama kama sekunde mbili nikiliangalia lile komeo. Kisha nikaingia ndani. Sekunde mbili zile, msomaji wangu, ndiyo kesi yenyewe.

Mume wangu aliporudi uwanja ulikuwa mtupu.

Tulikuwa tunaishi Al Khoud, karibu na wadi. Jirani alisema amemwona akielekea huko, anakimbiza paka. Mimi, kwa hofu na aibu, nikataka tuzunguke na gari tukimwita. Mume wangu akakataa. Saluki aliyeingiwa na hofu ukimfuata anazidi kwenda, hata kama ni wewe anayekupenda. Akavua dishdasha aliyoshinda nayo kazini, akaitandika pale alipoonekana mara ya mwisho, akaweka bakuli la maji kando. Tukakaa ndani ya gari kwa mbali, taa zimezimwa, yeye na fulana yake na kikoi.

Tulikaa usiku kucha. Hakunilaumu, maana hakujua. Aliongea kuhusu baba yake kwa mara ya kwanza tangu anioe. Jinsi Sarab alivyolala miguuni pake siku zile za msiba, na jinsi alivyokuwa akimwamsha alfajiri kwa pua ya baridi, kwa hiyo ikabidi aamke, atembee, aishi. Mimi nilikuwa nasikiliza huku nikiliona lile komeo mbele ya macho yangu.

Karibu na adhana ya alfajiri tukaona kivuli chembamba. Alinusa dishdasha, akazunguka mara mbili, akajilaza juu yake. Ubavu ulikuwa umechanika kama kitambaa. Seng'enge ya shamba la mtu. Ngozi ya saluki ni nyembamba, na chini yake hakuna mafuta ya kumkinga.

Kwa daktari wa wanyama, neno la kwanza la mume wangu lilikuwa: "Huyu ni saluki." Daktari akaelewa mara moja. Mbwa wa jamii hii, kwa wembamba wao, huchelewa kuondoa mwilini baadhi ya dawa za nusukaputi, hasa za kundi la babitureti, na wanaweza kukawia sana kuzinduka. Ikachaguliwa dawa nyingine. Akashonwa nyuzi 22.

Siku ya tatu nikamwambia mume wangu ukweli. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza, "Ulikuwa umelitazama komeo?" Nikasema ndiyo. Akalala sebuleni usiku ule na uliofuata. Siku ya tatu yake, saa kumi na nusu alfajiri, aligonga mlango wa chumba akanipa kamba ya Sarab. "Mwezi huu utamtembeza wewe." Akarudi kulala.

MATUNZO: NILIYOJIFUNZA KWA KAMBA MKONONI

Mwezi ule ulinifundisha mengi. Kwa anayefikiria kuishi na saluki, haya ndiyo ya kushika:

1. Ukuta na geti. Ukuta uwe na urefu wa mita 1.8 angalau, maana anaruka bila hata kujikunja. Komeo lisitegemee kumbukumbu ya mtu. Sisi tuliweka geti linalojifunga lenyewe.

2. Kamba. Nje ya ua ni kamba daima. Ukanda wa shingoni uwe mpana, kwa sababu shingo ni ndefu na kichwa chembamba. Mwembamba unaweza kumuumiza au ukavuka kichwani.

3. Mbio. Anahitaji kukimbia kwa uhuru, ila mahali palipozungushiwa uzio. Akishamaliza, saa zote zilizobaki analala kama mgonjwa. Usiogope.

4. Joto. Ndiyo, ni mbwa wa jangwa, lakini hata jangwani hutafutiwa kivuli. Mtembeze kabla ya jua kuchomoza. Weka kiganja kwenye lami. Kama wewe huvumilii, nyayo zake hazivumilii.

5. Kitanda. Mifupa yake haina nyama ya kuifunika. Sakafu tupu inamtia sugu viwikoni. Mpe godoro.

6. Chakula. Hali kwa pupa, na mfupa wa nyonga kuonekana kidogo si ugonjwa. Usimnenepeshe ili majirani wasikuseme. Lakini usiache chakula mezani! Sarab ameniibia maandazi ya futari akiwa amesimama kwa miguu yote minne.

7. Daktari. Mkumbushe kuhusu dawa ya usingizi kila mara, na umri ukisogea apimwe moyo. Saluki huishi miaka 12 hadi 14 hivi, kwa hiyo ni ndoa, si uchumba.

Na najisi je? Mimi si shehe, na kuhusu mate ya mbwa wanazuoni wa madhehebu wametofautiana. Ninachojua ni kwamba Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha kinachokamatwa na wanyama waliofunzwa kuwinda, na hadithi zimemtoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba kwenye katazo la kufuga. Aliyetupatanisha nyumbani ni mama mkwe. Alisema, "Mwanangu, yeye ana chumba chake na wewe una chumba chako cha sala. Gombaneni kwa mengine." Kwa hiyo Sarab ana chumba uwani, kina kiyoyozi, ana vyombo vyake. Mume wangu hubadilisha nguo kabla ya kusimama kusali. Mimi nina nguo zangu za alfajiri, zinafuliwa peke yake.

SASA MDOGO WANGU

Usimwambie achague. Kwanza muulize: huyu mbwa ulimpata wapi? Kaa umsikilize mpaka amalize. Huenda utasikia habari ya mtu aliyekufa, au ya miaka ambayo hakuwa na mtu. Kisha ulizaneni mapema, kabla ya kadi za harusi kuchapishwa: mbwa atalala wapi, nani atalipa daktari, nani ataamka alfajiri. Na kama una pumu, au unaogopa mbwa kweli kweli, sema sasa hivi, wazi. Ukilificha litatoka siku nyingine, na huenda likatokea getini.

Mume wangu alinisamehe, lakini ilichukua muda, na sikumharakisha. Sarab sasa ni bibi, mdomo umeingia mvi. Nikimwita bado anafikiria kwanza. Alfajiri za Jumatatu na Alhamisi ni zamu yangu mpaka leo, na hakuna aliyenilazimisha.

Tukutane mwezi ujao, msomaji wangu. Na usiku wa leo, kabla hujalala, hakikisha umetia komeo.