Vanishi Juu ya Mshale

Wapo waungwana ambao, wakishika mshale wa Mhadzabe na kuutazama pale ulipofungwa, husema kuwa kazi haijaisha. Kano haikupakwa vanishi, haing'ai, na mizunguko yake yaonekana. Hukumu hiyo ni ya macho yaliyozoea vitu vya kabatini, wala haistahili kuitwa uhakiki.

Fundi wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, hutafuna kano ya mnyama mpaka ilainike. Huizungusha mbichi juu ya manyoya ya ndege, na pia pale kigumba kinapoingia katika wano, yaani uti wa mshale. Ikikauka, hujikaza yenyewe. Huyo mate yake ndiyo gundi yake, na kukauka ndiko mwisho wa kazi. Kigumba hufuliwa bila moto, mara nyingi kutokana na msumari uliopatikana kwa majirani, Wadatoga miongoni mwao, ambao makazi yao yafika hadi Hanang.

Basi mpako upo, ila si wa urembo. Utomvu wa waridi la jangwani huchemshwa hata uwe mzito kama lami, ukapakwa nyuma ya kigumba. Kisha huviringishiwa ukanda wa ngozi, usikauke wala usimdhuru auchukuaye. Nani katika hao wakosoaji amewahi kupaka kitu kwa uangalifu kama huo?

Wapwani ndio wasio na udhuru. Mtepe wa Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari. Hata neno wano ni letu, nalo limeachwa lioze kamusini na watu wale wale wanaowafundisha wengine ufundi.

James Woodburn alieleza vifaa hivi katika kitabu kilichotolewa na British Museum mwaka 1970. Hakuhitaji kuving'arisha ili avisifu. Linalohitajiwa na mshale ni pori. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipewa hati ya kimila ya ardhi, baada ya miaka mingi ya kuona mashamba na mifugo ya wengine ikiwasogelea. Swala akiondoka huondoka na kano yake, na fundi atabakiwa na uzi wa nailoni, ambao hautafuniki wala haujikazi. Huo, kwa hakika, wapakeni vanishi mpendavyo.