Lubumbashi: Dawa ya kolesteroli inafaa nani, na nani angoje kwanza?

Mtu anatoka labo na karatasi mkononi. Mbele ya neno «kolesteroli» kuna namba iliyotiwa alama. Kabla hajarudi kwa muganga, anapita kwenye famasi ya kona na kununua vidonge. Baada ya wiki chache miguu inamuuma, jirani anamwambia kwamba dawa hiyo inaharibu ini, naye anaitupa. Mwingine, aliyekwisha kupata shambulio la moyo, anasikia maneno hayohayo na anaacha dawa ileile.

Hao wawili wamefanya jambo moja, lakini hawakupoteza kitu kimoja. Wa kwanza huenda hakuwa na haja ya kuanza. Wa pili amejiondolea kinga ambayo imethibitishwa kwa miaka 30. Hapo ndipo penye mjadala. Katika mji kama Lubumbashi, ambako familia nyingi zinalipa dawa kutoka mfukoni, kuuliza kama dawa ya kolesteroli ni nzuri au mbaya hakutoshi. Tuulize inamfaa nani, na kama pesa hiyohiyo ingemsaidia zaidi penginepo.

Dawa hizi zinafanya nini

Kolesteroli si sumu. Mwili unaihitaji, na sehemu kubwa inatengenezwa na ini lenyewe. Ndiyo maana mtu mwembamba asiyegusa michopo wala mafuta ya mawese anaweza pia kuwa nayo nyingi. Hatari inatoka kwa aina inayoitwa LDL. Ikizidi kwa miaka, inajikusanya katika kuta za mishipa ya damu. Siku mshipa unapozibika moyoni, ni shambulio la moyo. Ukizibika kichwani, ni kiharusi, ambacho wengi hapa wanakiita AVC.

Dawa zinazoitwa statini zinapunguza kazi ya ini ya kutengeneza kolesteroli. Mjapani Akira Endo ndiye aliyegundua ya kwanza katika ukungu, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ya kwanza kuuzwa iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Leo zile zinazojulikana zaidi ni simvastatini na atorvastatini. Tangu 2007 simvastatini imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Kwa hiyo si dawa ya anasa ya matajiri.

Faida inategemea unatoka wapi

Mwaka 1994, utafiti uliofanyika katika nchi za Ulaya ya kaskazini ulitoa jibu la kwanza lililo wazi. Wagonjwa 4,444 wa moyo waligawanywa katika makundi mawili na kufuatwa kwa zaidi ya miaka 5. Katika kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa walikufa watu 256. Katika kundi la simvastatini walikufa 182.

Wagonjwa hao walikuwa tayari na ugonjwa wa moyo. Je, yule ambaye hajaugua? Mwaka 2016 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha muhtasari wa tafiti nyingi. Chukua watu 10,000 waliokwisha kupata ugonjwa wa moyo au wa mishipa, wape statini kwa miaka 5, LDL yao ishuke kwa karibu gramu 0.8 kwa lita. Karibu 1,000 kati yao wataepuka shambulio la moyo, kiharusi au upasuaji wa mishipa. Kwa watu 10,000 ambao hawajaugua lakini wana hatari kubwa, watakaoepuka ni karibu 500.

Kwa hiyo faida inapungua kadiri hatari ya mtu inavyopungua. Kwa mtu wa miaka 35 asiye na tansio, asiye na sukari, asiyevuta sigara, na ambaye kolesteroli yake imepita kipimo kidogo tu, faida ya miaka 5 ni ndogo sana. Lakini bei ya kidonge ni ileile.

Hatari ni za kweli, ila si zile zinazosemwa zaidi

Muhtasari huohuo ulihesabu pia madhara. Kati ya watu 10,000 wanaokunywa statini kwa miaka 5, karibu 5 watapata ugonjwa mkali wa misuli. Kati ya 50 na 100 watapata ugonjwa wa sukari, hasa wale waliokuwa karibu nao. Kati ya 5 na 10 watapata kiharusi cha kuvuja damu.

Maumivu ya misuli ndiyo yanayowafanya wengi waache. Watafiti wa London waliwachukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara. Kwa mwaka mzima, miezi fulani waliwapa dawa, miezi fulani vidonge vitupu, na miezi fulani hawakuwapa kitu, na wagonjwa hawakujua kama kidonge walichonacho kina dawa au la. Asilimia 90 ya ukali wa maumivu waliyosikia wakiwa na dawa ilionekana pia walipokunywa kidonge kitupu. Maumivu yalikuwa ya kweli, lakini mara nyingi hayakutoka kwenye dawa. Nusu ya watu hao walikubali kuanza tena.

Hilo halimaanishi kwamba malalamiko yote ni mawazo tu. Mwaka 2001 kampuni ya Bayer iliiondoa sokoni statini moja, serivastatini, baada ya vifo vilivyotokana na kuharibika kwa misuli. Mtu anayesikia maumivu makali ya misuli, amelegea, na mkojo wake umekuwa mweusi kama kahawa, aache dawa na aende hospitali siku hiyohiyo. Mwanamke mwenye mimba au anayetaka kuzaa azungumze na muganga kabla ya kuanza, kwa sababu kwa kawaida dawa hizi hazitolewi wakati wa ujauzito.

Tansio kwanza

Namba nyingi tulizozitaja zinatoka Ulaya na Amerika. Huko viharusi vingi sana ni vya mshipa kuziba. Katika Afrika kusini mwa Sahara, kiharusi cha mshipa kupasuka na damu kuvuja kina sehemu kubwa zaidi, na sababu yake kuu ni tansio isiyotibiwa. Statini haishushi tansio.

Mwaka 2006, utafiti wa watu 4,731 waliokuwa wametoka kupata kiharusi ulionyesha pande zote mbili. Atorvastatini ya nguvu ilipunguza viharusi kwa jumla. Lakini wale wa kuvuja damu walikuwa 55 katika kundi la dawa, na 33 katika kundi lingine. Kwa mtu ambaye kiharusi chake kilikuwa cha kuvuja damu, uamuzi unahitaji uangalifu mkubwa. Tatizo ni kwamba bila skana ni vigumu kujua kiharusi kilikuwa cha aina gani, na skana haiko ndani ya uwezo wa kila familia.

Tufikiri juu ya watu watatu. Baba wa Katuba mwenye miaka 62 alipata shambulio la moyo mwaka jana. Kwake statini ni dawa ya lazima, pamoja na nyingine alizoandikiwa. Mama wa Kampemba ana miaka 45, tansio yake ni nzuri, hana sukari, kolesteroli imepanda kidogo. Anaweza kungoja, arekebishe chakula, atembee, na apimwe tena. Baba wa komine ya Kenya ana miaka 55, tansio yake ni 180 kwa 110, na kolesteroli imepanda kidogo. Kama ana pesa ya dawa moja tu mwezi huu, anunue ya tansio. Statini itafuata.

OMS imerahisisha hesabu hiyo. Mwaka 2019 zilitolewa chati za hatari kwa kila eneo la dunia, pamoja na Afrika ya kati, ambamo nchi yetu imewekwa. Muganga anaangalia umri, jinsia, tansio, sigara, sukari na kolesteroli. Kuna hata chati isiyohitaji labo, inayotumia uzito na urefu. Statini inapendekezwa kwa aliyekwisha kuugua moyo au kiharusi cha mshipa kuziba, kwa mwenye sukari aliyepita miaka 40, na kwa yule ambaye hatari yake ya miaka 10 imefika asilimia 20. Kuna pia wale wenye LDL ya gramu 1.9 kwa lita au zaidi. Hao mara nyingine wameirithi, na hawapaswi kungoja.

Kundi lingine limeongezeka hivi karibuni: watu wanaoishi na virusi vya Sida. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliofanyika katika nchi 12, Uganda ikiwa mojawapo, uliwafuata watu 7,769. Statini iitwayo pitavastatini ilipunguza matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 35, hata kwa watu ambao hatari yao haikuwa kubwa.

Dawa zinazogombana, na dawa zisizo dawa

Ila hapo pana mtego. Simvastatini haiendi pamoja na baadhi ya dawa za Sida, hasa zile zenye ritonavir, wala na antibiotiki kama eritromisini na klaritromisini. Zikikutana, simvastatini inazidi mno katika damu na misuli inaumia. Dolutegravir, ambayo wagonjwa wengi wanakunywa sasa, haina shida hiyo. Hata amlodipini, kidonge cha tansio kinachojulikana sana, kinadai simvastatini isipite miligramu 20 kwa siku. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, yaani inaidhoofisha statini. Mwenye famasi asiyekuuliza unakunywa dawa gani nyingine hawezi kukulinda.

Kuna pia suala la ubora. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulichunguza dawa za moyo kutoka nchi 10 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo, na statini zilikuwa kati ya dawa zilizopimwa. Kati ya sampuli 1,530, asilimia 16.3 zilikuwa na ubora mbaya. Mtu anaweza basi kulipa kila mwezi kwa kidonge ambacho hakina kiasi kilichoandikwa juu ya boksi. Kazi ya kusafisha soko ni ya ACOREP, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa. Mgonjwa kwa upande wake akwepe vidonge vinavyouzwa kimoja kimoja bila boksi, juani, bila tarehe ya mwisho.

Nani atalipa?

Kidonge cha kolesteroli hakina faida ya wiki mbili. Kinafanya kazi kwa miaka, na ukikiacha kinga inaondoka. Ni kama kodi ya nyumba, inayorudi kila mwezi.

Katika mji huu kuna kizazi kinachoelewa maana yake. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walitoka kazini katika mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Walipokea pesa ya mara moja, wakaacha nyuma mshahara na hospitali ya kampuni. Wale waliokuwa na miaka 50 wakati huo sasa wamepita 70. Ndio walio katika umri wa moyo na kiharusi, na ndio wanaonunua dawa kwa msaada wa watoto.

Mpango wa serikali wa afya kwa wote ulianza mwaka 2023 kwa uzazi na watoto wachanga. Ilikuwa haki kuanzia hapo. Lakini magonjwa ya kudumu hayawezi kubaki nje milele. Serikali ya Kinshasa na ya mkoa zikitaka kupunguza viharusi Haut-Katanga, njia ya bei nafuu inajulikana: kupima tansio na sukari katika kila kituo cha afya, kutoa dawa ya tansio bila kukatika, na kuhakikisha statini yenye ubora inawafikia wale wachache wanaoihitaji kweli.

Kabla ya hapo, anayeandikiwa dawa hii aulize maswali matatu. Hatari yangu ya moyo ni kiasi gani, na inashuka kwa kiasi gani nikinywa? Je, inapatana na dawa nyingine ninazokunywa? Je, tansio na sukari yangu zimekwisha kutulia? Na yule aliyekwisha kupata shambulio la moyo asiache vidonge kwa neno la jirani. Arudi kwanza kwa muganga aliyemwandikia.