Laptopu ni yako, lakini RAM huongezi: nani kaamua?

Laptopu imeanza kuwa nzito. Ukifungua kurasa kumi za intaneti huku unaandika ripoti, inaganda. Zamani dawa ilikuwa rahisi: fundi anafungua mfuniko wa chini, anaweka RAM kubwa zaidi, unalipa, unaondoka. Leo, kwa laptopu nyingi mpya, jibu la fundi ni fupi: hii haiongezeki.

Siyo kwamba fundi hajui kazi. Uamuzi ulifanyika kiwandani, na madhara yake yanakuja kuonekana baadaye, hasa kwenye masoko ya mtumba kama ya kwetu.

Ilianzaje?

Juni 2012 Apple ilitoa MacBook Pro yenye skrini ya Retina. RAM yake ilikuwa imechomelewa kwenye ubao mkuu, na betri imebandikwa kwa gundi. iFixit, kampuni ya Marekani inayouza vifaa vya ufundi na kuzipa mashine alama za urahisi wa kutengenezeka, iliipa 1 kati ya 10.

Mwaka 2016, MacBook Pro zenye Touch Bar zikaja na hifadhi ya SSD iliyochomelewa pia. Novemba 2020, Mac za kwanza zenye chipu ya M1 zikaenda mbali zaidi: RAM ikawekwa kwenye kifurushi kimoja na chipu yenyewe.

Apple haikuwa peke yake. Mwaka 2017 Surface Laptop ya Microsoft ilipata 0 kutoka iFixit. Na leo ukichukua laptopu nyembamba za Dell, HP, Lenovo au Asus, utakuta nyingi RAM yake haitoki.

Kufuli usiloliona

Kuchomelea ni njia moja. Nyingine ni programu.

Kwa miaka mingi, baadhi ya laptopu za HP na Lenovo zilikuwa zikigoma kuwaka ukiweka kadi ya Wi-Fi ambayo haimo kwenye orodha ya kampuni. Kadi nzima, inaingia vizuri kabisa, lakini mashine inaikataa.

Kwenye simu tumeona zaidi. iPhone 13 ilipotoka mwaka 2021, fundi wa nje akibadilisha kioo, Face ID ilizima. Kioo kilikuwa kimefungamanishwa na simu moja tu. Baada ya kelele nyingi, Apple iliondoa kizuizi hicho kupitia sasisho la programu. Kumbe shida haikuwa kioo wala fundi.

Kampuni zinajibu nini?

Utetezi wao siyo wa uongo wote. RAM iliyochomelewa inachukua nafasi ndogo, inakula umeme kidogo na inaweza kuwa na kasi kubwa zaidi. Ndiyo maana laptopu inakuwa nyembamba na chaji inadumu.

Hata Framework, kampuni iliyojijengea jina kwa laptopu ambazo mwenyewe unafungua na kubadilisha karibu kila kitu, ilikwama hapo. Mwaka 2025 ilitangaza kompyuta ya mezani yenye RAM iliyochomelewa. Ilieleza kuwa chipu ya AMD iliyotumika haikuweza kufanya kazi kwa kasi yake ikiwa RAM ni ya kuchomoa.

Lakini utetezi huo hautoshi kila mahali. Mwaka 2024 Lenovo ilitoa ThinkPad P1 Gen 7 ikiwa na aina mpya ya RAM, LPCAMM2. Inatumia chipu zilezile zinazokula umeme kidogo, ila inafungwa kwa skrubu na inatoka. Mwaka huohuo ThinkPad T14 Gen 5 ikarudi na nafasi mbili za RAM na kupata 9 kati ya 10. Kwa hiyo pale kampuni inapotaka, mara nyingi inawezekana.

Pesa iko wapi?

Hapa ndipo shughuli ilipo. Hadi Oktoba 2024, MacBook Air ya kuanzia ilikuwa na RAM ya 8GB. Ukitaka 16GB, Apple Marekani iliongeza dola 200 kwenye bei. Kipande cha RAM cha 8GB dukani kiliuzwa kwa sehemu ndogo tu ya hela hiyo, lakini cha dukani huna pa kukiweka.

Maana yake, siku ya kununua unalazimika kubashiri utahitaji nini miaka mitano ijayo, na kulipa bei ya muuzaji mmoja. Ukibashiri vibaya, imekula kwako. Na RAM au SSD iliyochomelewa ikifa, unabadilisha ubao mzima, wakati mwingine kwa gharama inayokaribia kununua mashine nyingine.

Sheria zimefika wapi?

New York ilisaini sheria ya haki ya kutengeneza vifaa Desemba 2022. Ya California ilianza kazi tarehe 1 Julai 2024. Kwa bidhaa za kuanzia dola 100, watengenezaji wanatakiwa kutoa spea, zana na maelekezo ya ufundi kwa miaka saba. Oregon nayo, mwaka 2024, ilipitisha sheria inayokataza kutumia programu kuzuia spea isifanye kazi, kwa vifaa vipya vilivyotengenezwa kuanzia 2025.

Umoja wa Ulaya umepitisha agizo lake mwaka 2024, na nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 31 Julai 2026 kuanza kulitumia. Limo la simu, tableti na mashine za kufulia. Laptopu? Haikuwemo kwenye orodha ya mwanzo.

Ila soma vizuri: hakuna hata moja kati ya sheria hizi inayosema RAM isichomelewe. Zinakupa haki ya kupata spea na maelekezo. Haki ya kuongeza uwezo wa mashine yako bado haijaandikwa popote humo. Sheria ya spea haikusaidii kama spea yenyewe ni ubao mzima wa bei ya mashine.

Sisi inatuhusu vipi?

Nenda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi. Laptopu nyingi zinazouzwa kwa bei ambayo mwanafunzi au mfanyabiashara mdogo anaimudu ni zilizotumika ofisini nje ya nchi. Wakenya wanaziita "ex-UK". Ni ThinkPad, EliteBook na Latitude za miaka kadhaa nyuma.

Biashara hii inaishi kwa bisibisi. Mashine inakuja na 4GB na diski ya zamani, fundi anaweka 8GB na SSD, na inarudi kazini kwa miaka mingine. Muuzaji anapata, fundi anapata, na mteja anapata kompyuta ya maana.

Sasa piga hesabu. Laptopu inayonunuliwa leo na ofisi ya London ikiwa na 8GB zilizochomelewa ndiyo itakayotua Kariakoo baada ya miaka minne au mitano. Itatua na 8GB, na itabaki na 8GB. Programu zitakuwa nzito zaidi, fundi hatakuwa na la kufanya.

Mzigo wa mwisho unabaki huku pia. Kwa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila mashine inayokosa maisha ya pili inaisogelea taka hiyo mapema.

Ndiyo maana kusubiri Brussels au California hakutoshi. Serikali zetu hununua kompyuta nyingi kwa shule na ofisi. Sharti moja kwenye zabuni, kwamba RAM, SSD na betri vibadilishike, lingetosha kuanzia, bila hata kupitisha sheria mpya.

Kabla hujalipa

- Kwenye Windows, fungua Task Manager, nenda Performance, kisha Memory. Ukiona neno SODIMM, mara nyingi kuna RAM ya kuchomoa. Usipoliona, ulizia kwanza.
- Tafuta jina kamili la modeli mtandaoni, ujue mwisho wa RAM yake. Mashine mbili za jina moja, za miaka tofauti, zinaweza kutofautiana kabisa.
- Kama RAM haiongezeki, nunua kubwa unayoweza kumudu sasa. Kwa kazi za kawaida, 16GB inakupa nafasi ya kupumua.
- Kwa mtumba, iwashe hadi mwisho mbele ya muuzaji. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani au ya kampuni, iache hapohapo.
- Muulize fundi kabla ya kununua, siyo baada. Yeye ndiye anayejua zipi zinafunguka.