MBOLEA INAYOPAA HAIJAZI GHALA

Ndugu wanakijiji,

Mvua za Oktoba ziko mlangoni, na mkutano wa ushirika wa kuagiza mbolea uko mbele yetu. Kabla hatujanyosha mikono, sisi wa darasa la kisomo tunaomba mtusomee haya machache.

Msimu uliopita wengi wetu tulirusha urea juu juu, tukarudi nyumbani tumeridhika. Usiku mvua ikapiga. Mahindi yakabaki ya njano, na deni likabaki palepale. Hatumlaumu mtu. Tulikosea wenyewe, na sisi tunaoandika hapa tulikuwamo.

Sasa jamani, ile mbolea ilikwenda wapi? Chakula kilichomo ndani ya urea kinaitwa naitrojeni. Mhindi usipokila kwa wakati, sehemu inapaa kwa ile harufu kali inayochoma pua, sehemu inasombwa na maji kwenda bondeni, na sehemu ndogo vijidudu vya udongoni wanaigeuza kuwa gesi iitwayo naitrasi oksaidi. Udongo ukilowa mpaka ukakosa hewa, ndipo vijidudu hao wanaifanya kazi hiyo kwa wingi. Gesi yenyewe haina rangi, na huwezi kuiona ikitoka shambani. Hospitalini hutumika kupunguzia wagonjwa maumivu. Lakini ikipanda angani hukaa zaidi ya miaka 100, na kilo yake moja huongeza joto la dunia kama kilo 273 za hewa ya ukaa. Tena huila tabaka la ozoni linalotukinga na jua kali.

Tulipiga hesabu ubaoni. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa kipimo cha wastani wanachotumia wataalamu, sehemu 1 katika 100 hugeuka gesi hii. Inatoka gesi kama gramu 360, yenye nguvu ya karibu kilo 100 za hewa ya ukaa. Mfuko mmoja tu, ndugu zangu!

Kwa dunia nzima, gesi hii inayotokana na kazi za watu iliongezeka kwa asilimia 40 kati ya mwaka 1980 na 2020, na sehemu kubwa hutoka kwenye kilimo na mifugo. Ulaya imepunguza, hasa kwa kurekebisha viwanda. China na India zimepanda sana, maana zilihitaji kulisha watu wengi.

Na sisi je? Historia yetu ya mbolea imepanda na kushuka. Wazee wetu walikusanywa vijijini kwa Operesheni Kigoma mwaka 1972, na mwaka huohuo kiwanda cha mbolea cha Tanga kikaanza kazi. Miaka ya mwanzo ya 1990 ruzuku ikaondolewa, na wengi wakarudia jembe tupu. Mwaka 2008 zikaja vocha za pembejeo, na mwaka 2022 ruzuku ikarudi kwa kuandikishwa wakulima. Viongozi wa Afrika walikwisha kubaliana Abuja mwaka 2006 kwamba tufike kilo 50 za virutubisho kwa hekta, na bara letu bado halijafika. Hadi leo sehemu kubwa ya gesi hii hapa Tanzania hutoka kwenye samadi na mkojo wa mifugo malishoni, na kwenye moto wa mapori. Mbolea ya dukani bado ni kidogo, ila safari yake ni ya kupanda.

Wako watakaosema: mambo ya hewa ni ya wenye viwanda, sisi tuna njaa. Kweli, walioijaza anga siyo sisi. Wala hatusemi tuache mbolea. Ardhi yetu imechoka, na anayesema tulime bila kuirutubisha hajawahi kulala na watoto wenye njaa. Tunachosema ni kwamba gramu zile zinazopaa tumezilipia. Hasara ya anga na hasara ya mfuko wetu zinatoka katika shimo moja. Tukiliziba, tumeziba zote mbili.

Kwa hiyo tunapendekeza mkutanoni:

Kwanza, mbolea ya kukuzia isitolewe siku moja na ya kupandia. Ghala itoe ya kukuzia mahindi yakifika magotini. Tunajua wa vitongoji vya mbali watanung'unika kubeba mara mbili. Basi wenye baiskeli wa kila kitongoji wapangiwe zamu. Mfuko ukikaa nyumbani mapema, tunaujua mwisho wake: unarushwa wote siku moja ili mtu amalize kazi.

Pili, tuache kurusha. Pembeni ya shina chimba kishimo, tia kizibo kimoja cha soda, fukia. Kukiwa na dalili ya mvua kubwa, subiri.

Tatu, samadi isiachwe wazi ikinyeshewa. Ifunikwe kwa majani ya migomba, ipelekwe shambani wakati wa kupanda, ichanganywe na udongo.

Nne, tusichome mabua wala mapori. Na katikati ya mahindi tuendelee kupanda maharage, karanga na kunde kama mama zetu walivyofanya. Mimea hiyo huchukua naitrojeni hewani ikaitia udongoni bila kutudai.

Asiyeamini asibishane na karatasi ukutani. Darasa letu litalima vipande viwili vilivyo sawa, mbolea sawa: kimoja tutarusha, kingine tutafukia. Wanakisomo wataandika daftarini siku ya mbolea, siku ya mvua, na debe zitakazotoka. Siku ya kuvuna njooni mhesabu wenyewe. Tukishindwa, tutaandika hapahapa kwamba tumeshindwa.

Mwaka jana tulirusha fedha juu ya matope. Mwaka huu tuifukie, iote.

Elimu haina mwisho.

Katibu wa Tawi, pamoja na darasa la kisomo, Nduta