Msamaha wa kodi ya jua uko ku karatasi, bei kali iko ku soko

Vijana wengi wanatuuliza: "Marekani Leta inarudishia watu pesa ya pano za jua, siye ju ya nini hapana?" Swali ni la haki, lakini tuangalie kwanza hiyo ya Marekani ilikuwa nini.

Mwenye nyumba kule alinunua pano, akajaza fomu 5695 pamoja na tangazo lake la kodi, na 30% ya gharama ikakatwa ku kodi yake ya mapato. Ukitumia dola 20.000, unakatiwa dola 6.000. Asiye na kodi ya mapato ya kulipa hakuwa na mahali pa kukatiwa. Aliyekodisha pano za kampuni bila kuzinunua hakupata kitu. Na sasa imekwisha: sheria ya tarehe 4 mwezi wa saba 2025 ilifunga mlango kwa mitambo iliyomalizika kufungwa kisha tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2025. Ndugu zetu wa kule waliowahi, wadai haki yao mu tangazo la mwaka ule, na wachunge faktura.

Sasa mama anayeuza makala Butembo, tumukatie wapi? Hana tangazo la kodi ya mapato, hana faktura yenye jina lake. Kodi yake anailipa bila kuiona, ndani ya bei. TVA kwetu ni 16%: pano na batri za dola 250, hiyo TVA peke yake ni dola 40, kabla ya kuhesabu ya duane na ya barabarani. Mu nchi ya Inga, ambamo karibu watu wanane ku kumi hawana umeme, tunatoza mwangaza wa mutu aliyechoka kungojea nguzo.

Kwa hiyo hatuombi kuiga Marekani. Tunadai unafuu ku mpaka, pale mzigo unapoingia. Na tusidanganyane, wazo hilo si geni ku Kinshasa. Kisha sheria ya umeme ya 2014, serikali ilitia sahihi amri 18/054 ya tarehe 27 mwezi wa kumi na mbili 2018 juu ya unafuu wa kodi na duane. Soma kichwa chake tu: kutengeneza, kuingiza na kutosha umeme inchini. Ni lugha ya barrage na ya kampuni kubwa yenye mwanasheria. Mwenye duka anayeleta pano ishirini kupitia Kasindi, yeye atajiona wapi humo?

Watu watasema: wafanyabiashara watakula msamaha na bei itabaki ile ile. Hiyo hofu ni ya kweli, siye pia tunayo. Ndiyo maana msamaha bila orodha ya wazi hatuutaki. Pano, batri, regulateur, konvertisa: kila kimoja kiandikwe kwa jina, na kile kinachotozwa na kisichotozwa kibandikwe Kasindi na Kasumbalesa, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ili mununuzi naye ajue. Na watti zipimwe. Pano iliyoandikwa 100 na inayotoa 40 ni wizi, na kuisamehe kodi ni kumusaidia mwizi.

Wakubwa wasituambie kwamba jambo hili linahitaji semina. Katiba, kifungu cha 174, inasema hakuna kodi wala unafuu wa kodi isipokuwa kwa njia ya sheria. Na muswada wa bajeti unapaswa kufika bungeni si zaidi ya tarehe 15 mwezi wa tisa. Wabunge wa Kivu na wa Katanga, tunawauliza ninyi, kila mumoja kwa jina lake: mutaleta kifungu cha pano za nyumbani, ao hapana? Majibu yenu tutayasoma mu mitaa.